Kabla ya Kuamini Jibu la Programu: Niliyojifunza kwa Jeni ya K13

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kuchambua vinasaba vya vimelea vya malaria, nilikesha usiku mmoja nikitafuta katika makala za kisayansi badiliko linaloitwa R135H kwenye jeni ya K13. Programu ilikuwa imelionyesha katika sampuli mbili, na kwa kuwa sikulipata popote, nilianza kuamini kwamba nimegundua jambo jipya. Asubuhi msimamizi wangu alilitazama jedwali langu, hakusifu wala hakukemea, akauliza tu, "Hiyo 135 umeihesabu kuanzia wapi?" Sikuwa nimeihesabu. Ilihesabiwa na programu, nami nikaipokea.

K13 ni jeni ambayo baadhi ya mabadiliko yake huhusishwa na usugu wa Plasmodium falciparum dhidi ya artemisinini, dawa ambayo ndiyo msingi wa dawa mseto za malaria tunazozitumia. Badiliko la R561H, yaani arginini (R) kuchukuliwa nafasi yake na histidini (H), zote mbili zikiwa asidi amino zinazojenga protini, mahali pa 561 kwenye protini, liliripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye likaonekana pia mkoani Kagera. Kipande nilichokikuza kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, hakikuanzia mwanzo wa jeni bali besi (herufi ya DNA) ya 1,279, ambayo ni herufi ya kwanza ya kodoni ya 427, kodoni ikiwa ni herufi tatu zinazotaja asidi amino moja, na programu, isiyo na habari na hayo, iliipa kodoni ya kwanza iliyoiona namba 1. Ukijumlisha 426 na 135 utapata 561. Ugunduzi wangu ulikuwa badiliko linalofahamika vizuri, tena la kutia wasiwasi, lililovaa namba ngeni.

Tangu siku hiyo sisomi namba yoyote kabla ya kuupanga mfuatano wangu sambamba na mfuatano rejea wa jeni nzima, ambao kwa K13 huchukuliwa kutoka kwa 3D7, aina ya kimelea cha falciparum inayotumiwa kama kipimo cha kulinganishia. Rejea yenyewe nayo huikagua kwa penseli. Jeni hii haina introni, yaani vipande vya katikati visivyotafsiriwa kuwa protini, na ina besi 2,181; protini yake ina asidi amino 726; na 726 mara tatu, ukiongeza herufi tatu za kodoni ya kukomesha, ile inayoashiria mwisho wa protini, ni 2,181 kamili. Hesabu isipotimia, ama umepakua faili lisilo lenyewe ama umekata pasipostahili. Kwa jeni zenye introni, hesabu hiyo ifanywe kwenye sehemu zinazotafsiriwa pekee.

Liko pia suala la uzi, kwani DNA ina nyuzi mbili zinazosomwa kwa mielekeo iliyo kinyume. Katika jenomu ya 3D7, K13 imeandikwa kwenye uzi wa kinyume wa kromosomu ya 13, hivyo anayeikata moja kwa moja kutoka kwenye kromosomu na kuitafsiri papo hapo hupata takataka. Ni lazima augeuze mfuatano, mwisho uwe mwanzo, na kila herufi ibadilishwe na mwenzi wake: A kwa T, G kwa C. Kwa bahati nzuri, kosa hili hujitangaza. Jenomu ya kimelea hiki imejaa A na T kwa takriban asilimia 80, na kwa sababu hiyo kodoni za kukomesha kama TAA hujitokeza haraka sana ukisoma upande usio sahihi au ukiteleza kwa herufi moja wakati wa kupunguza ncha. Ukiona nyota, alama ambazo programu huziweka penye kodoni za kukomesha, zimetapakaa katikati ya protini, usiandike kwamba jeni imekufa. Rudi kwenye fremu yako, yaani herufi unayoanzia kuhesabu tatu tatu. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akishughulika na jeni ya mitokondria ya mbu aliziona nyota hizo hata fremu yake ilipokuwa sahihi, kumbe alikuwa ametumia jedwali la kawaida la kodoni, ambamo TGA hukomesha, ilhali katika mitokondria ya mbu TGA ni triptofani.

Makosa mengine hayajitangazi kabisa, na haya ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Herufi A, C, G na T ni herufi halali za asidi amino pia, kwa hiyo ukibandika DNA mahali pa protini, programu nyingi zitaipokea bila kulalamika. Herufi R nayo ina maana mbili: kwenye protini ni arginini, kwenye DNA ni "A au G". Kimelea kikiwa ndani ya damu ya mtu huwa na nakala moja tu ya kila kromosomu, lakini mgonjwa mmoja anaweza kubeba vimelea vya aina mbili kwa pamoja, na hapo katika besi ya 1,682 utaona vilele viwili kwenye grafu ya mashine ya kusoma DNA, cha G na cha A, kimoja juu ya kingine; hapo ndipo R ya DNA hustahili kuandikwa. Mpangilio wa programu ukiwa ni kuchagua kilele kirefu, na cha G kikiwa ndicho kirefu, utaandika CGT, kodoni ya arginini, na CAT ya histidini itapotea kimya kimya. Fungua faili la vilele uone kwa macho yako. Jedwali la herufi halitoshi.

Neno dogo kuhusu lahajedwali: usizipe sampuli majina kama 2E4 kwa kufuata visima vya sahani ya maabara, kwa maana litasomwa kama 20,000. Wataalamu wa majina ya jeni za binadamu walilazimika mwaka 2020 kuibadilisha MARCH1 kuwa MARCHF1, kwa kuwa lahajedwali ziligeuza jina hilo kuwa tarehe.

Siku hizi, kabla ya kufungua sampuli ya mgonjwa yeyote, huchukua mfuatano wa 3D7, nikaukata kuanzia besi ya 1,279 kama kipande changu, nikabadilisha kwa mkono G ya 1,682 kuwa A, kisha nikaupitisha katika hatua zote za uchambuzi kana kwamba umetoka maabara. Jedwali la mwisho likiandika R561H, naendelea. Likiandika kingine chochote, sampuli hubaki zimefungwa mpaka nijue namba ilipotelea wapi.