Kabla hujafungua kompyuta, nenda wilayani

Ninyi mnaoanza kazi ya modeli za magonjwa hapa Uganda, yaani hesabu za kompyuta zinazoonyesha ugonjwa unavyoweza kuenea, nawaomba sana: msipeleke majibu kwa watu ambao hamkuwauliza swali.

Mimi nilifanya hivyo. Miezi saba nilijenga modeli ya malaria ya wilaya moja ya kaskazini, peke yangu na kompyuta. Siku ya kuionyesha, afisa wa afya wa wilaya aliitazama grafu, kisha akaweka kidole kwenye mwezi wa Machi. "Mwanangu, hapa nyumba zote zimepuliziwa dawa kabla ya mvua. Dawa ikifika Mei je?" Sikuwa na jibu. Modeli yangu haikujua kuchelewa.

Mzee yule hakuuliza kwa kubahatisha. Wilaya 10 za kaskazini zilipuliziwa dawa ya mbu majumbani kuanzia 2009. Mwaka 2014 kazi hiyo ikahamishiwa mashariki, na 2015 malaria ikarudi kwa kishindo. Waliokuwa kwenye kile kikao walikuwa wamelaza watoto wawili wawili kitanda kimoja.

Tulianza upya, safari hii na karatasi ya manila na kalamu nene. Watu wa wilaya wenyewe ndio waliochora makundi: wasioambukizwa, wagonjwa, waliopona, na mishale katikati kuonyesha watu wanavyohama kundi. Muuguzi mmoja akaongeza vyandarua vilivyotoboka. Mwingine akakumbusha kwamba msibani watu hukesha nje, chandarua kimebaki nyumbani. Tuliporudi na modeli iliyoendeshwa kwa dawa kuchelewa mwezi mmoja, miwili, au kukosekana kabisa, hakuna aliyeuliza grafu inasomwaje. Walibishana tarafa ipi ianze, na ubishi huo ndio niliokuwa nikiutafuta.

Mwiteni na mtu wa fedha tangu kikao cha kwanza. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na mipango yake huandikwa miezi mingi kabla. Matokeo ya Juni yatakuta fungu limeshagawanywa. Maafisa nao huhamishwa, kwa hiyo msimtegemee mmoja.

Msiwape namba moja kama utabiri. Semeni "kati ya hapa na hapa", mweleze na sababu.

Na kabla ya wakubwa wote, kaeni na mtunza takwimu wa kituo cha afya. Wagonjwa waliothibitishwa wakipungua ghafla mwezi fulani, yeye ndiye atakayewaambia kama malaria ilishuka kweli au vipimo viliisha.