Konekshen itakayokuliza sio ile unayoiogopa

Tangu turudi na mama kutoka Ujerumani kumwona mdogo wangu aliyejifungua, hapa Isevya, Tabora, hakuna anayeniuliza baridi ilikuwaje wala mtoto kafanana na nani. Wote wanauliza zile dakika 90. Habari ilishasambaa kwamba tulibadilisha ndege kwa dakika 90 kwenye uwanja mmoja mkubwa kule Ghuba, usiku, na mama ana miaka 68 na goti linalomsumbua miaka nenda rudi, na hatukuachwa. Juzi kaja jirani yetu na tiketi ya mwanae anayekwenda kusoma Uturuki, kaikunja mara nne kaifunga kwenye pindo la khanga, ananiambia hebu niangalizie hii baba, saa moja na dakika ishirini hii si ataachwa huyu? Nikaiangalia. Konekshen ya kule mbele, yaani pale anapobadilisha ndege, haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa Dar, na Dar hakuna aliyekuwa anaihofia kwa sababu tunaiona ni nyumbani.

Halafu ajabu ni kwamba sisi watu wa Tabora ndo tulitakiwa tuwe wa mwisho kuogopa neno konekshen. Mtu aliyekulia karibu na stesheni anaijua hii kitu toka utotoni: treni inaingia kutoka Dar, mabehewa yanakatwa, haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, wa Mpanda anashuka na kuku wake kwenye kapu anatafuta pa kukaa asubiri. Hujawahi kuona mtu anakimbia pale. Sababu ni kwamba treni inayosubiriwa inajua kuna watu wanakuja na ile nyingine. Ndege nayo ni hivyo hivyo bana, inaweza ikakujua kwamba unakuja, ila inakujua kupitia tiketi yako tu.

Kwa hiyo ukishika tiketi usianze kuangalia saa, angalia kama safari yote iko kwenye bukingi moja, ile namba moja ya bukingi yenye jumla ya herufi na tarakimu sita. Kama Dar mpaka mwisho wa safari ni namba hiyo moja basi mzigo huo ni wa shirika: begi linaandikwa mpaka mwisho, na ndege ya kwanza ikichelewa ukaachwa na ya pili wao ndo wanatakiwa wakutafutie nyingine bila kukudai hela. Na kuna kitu wengi hawakijui, kila uwanja una muda wa chini kabisa wa kubadilisha ndege, umepangwa rasmi, viwanja vingi vikubwa ni kati ya dakika 45 na 90, Vienna wao wanajisifia dakika 25, na ukinunua tiketi moja mfumo haukuuzii konekshen iliyo chini ya muda huo. Yaani ukiona dakika 80 kwenye tiketi moja ujue kuna watu walishakaa wakapiga hesabu. Ila ukijiunganishia mwenyewe tiketi mbili ulizookota kwa bei chee mtandaoni, hesabu umepiga wewe na simu yako, na ukiachwa utalia na simu yako.

Sasa rudi hapa kwetu. Wengi wetu Tabora kwenda Dar tunanunua kivyake na Dar kwenda nje kivyake. Ndege ya ndani ikichelewa masaa manne, shirika la kule nje halikujui, kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea, na ukishaandikwa hujatokea kipande cha kwanza, vipande vyote vilivyobaki vinafutwa mpaka tiketi ya kurudi. Narudia hapo maana ndo watu wanapoumia, mpaka ya kurudi. Huwezi kusema nitaipandia kule mbele. Ndo yaliyomkuta binamu yangu mmoja, alikuwa na masaa matano Dar akajiona tajiri wa muda, ndege ya kutoka huku ikaahirishwa mpaka kesho yake. Masaa matano ya tiketi mbili ni mafupi kuliko dakika 90 za tiketi moja, amini usiamini.

Na hata ikifika kwa wakati, Dar unashuka unasubiri begi lako kwenye mkanda kama abiria mwingine yeyote, unalibeba, na kama umeshushiwa jengo jingine unatafuta namna ya kufika jengo la tatu, lile lililofunguliwa 2019, uanze foleni upya, na kaunta za safari za nje kwa kawaida zinafungwa saa nzima kabla ndege haijaondoka. Halafu kuna mambo ya kilo, ndege ya ndani mara nyingi wanakupa begi moja la kilo 23 wakati ya nje umeruhusiwa mawili, utalipia lile la pili kabla hujaiona hata bahari. Mi ushauri wangu ni mmoja na sibadilishi: lala Dar. Kama una ndugu Ukonga au Kipawa, karibu na uwanja, mpelekee michembe ya viazi na karanga ulale kwake, sisi tuliondoka hapa siku mbili kabla. Hela ikibana, siku hizi unapanda basi mpaka Dodoma, pale unachukua treni ya SGR, toka 2024 inafika, unaingia Dar siku hiyo hiyo bila kutegemea ndege ya mtu.

Haya, Dar umeshaimaliza. Dakika 90 za kwenye tiketi sio dakika 90, tuelewane. Zinahesabiwa toka ndege inapofika kwenye maegesho mpaka ile nyingine inapoanza kuondoka, na geti linafungwa dakika 15 mpaka 20 kabla, toa hizo. Toa za kufungua mlango na kushuka, maana kwenye ndege ya watu mia tatu kila mtu anashusha vibegi vyake vya juu kwa raha zake, weka robo saa. Zimebaki kama 55. Hizo 55 ndo zako, na zinatosha kama hujaingia dukani kuangalia pafyumu na hujapotea.

Saa nazo zinaliza watu. Tiketi inaandika saa za kizungu na ni saa za pale pale ndege ilipo, sio za Tabora. Addis, Doha na Istanbul saa zao ni sawa na zetu, Dubai wako mbele saa moja, Kigali wako nyuma saa moja. Addis kuna raha yake, Wahabeshi wenyewe wanasoma saa kama sisi, saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi, ila kwenye skrini za uwanja ni mtindo wa kizungu kama kwingine kote usije ukajichanganya. Kibaya zaidi ni ndege za baada ya saa sita usiku. Ukiona 00:40 tarehe 14, hiyo kwa Kiswahili chetu ni usiku wa kuamkia tarehe 14, maana yake unatoka nyumbani tarehe 13 jioni. Mi nikinunuliwa tiketi naiandika upya kwa kalamu kwenye karatasi, kwa Kiswahili, usiku wa kuamkia, saa saba kasoro dakika ishirini, naibandika kwenye friji. Mama alicheka ila na yeye alikuwa anaisoma kila akienda kuchukua maji.

Pale Dar kaunta usiondoke mpaka umepewa bodingi pasi zote, ya kwanza na ya pili, na umeisoma karatasi ya begi. Ina herufi tatu kubwa za uwanja wa mwisho, yetu ilitakiwa isomeke FRA yaani Frankfurt. Ukiona herufi za uwanja wa katikati tu, uliza hapo hapo. Kile kistika kidogo cha begi wanachokubandikia usikitupe, begi likipotea ndo ushahidi wako. Ila ukienda Marekani ni tofauti, unalichukua begi uwanja wa kwanza unaoingia kule, unapita nalo forodha, unalirudisha, kwa hiyo dakika 90 kule mi nisingethubutu. Na Marekani hata kupita tu unatakiwa viza, wana utaratibu huo, uliza kabla hujalipia.

Sasa siku yenyewe. Tulitakiwa tutue saa tano na dakika kumi usiku, ndege ya pili iondoke hiyo saa saba kasoro ishirini. Dar tukaondoka tumechelewa dakika 35, bila maelezo ya maana. Tukatua saa sita kasorobo. Mama nilishamwombea kiti cha magurudumu, ni bure, unaomba ukiwa unabuki au angalau masaa 48 kabla, na mtu yeyote mwenye mzazi ambaye hawezi kutembea haraka naomba afanye hivyo asione aibu. Mama aligoma mwanzoni, mimi sio mgonjwa, nikamwambia mama sio ugonjwa hii ni usafiri. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba wenye viti wanashuka mwisho. Watu wote wanapita wanatuangalia tumekaa, jasho linanitoka, nikamwonyesha mhudumu bodingi pasi yetu ya pili akapiga simu. Saa sita na dakika tano ndo tunatoka mlangoni, geti linafungwa saa sita na dakika ishirini.

Yule kijana msukuma kiti sikumuuliza jina nikajuta. Hakufuata njia ya watu. Kama huna kiti we fuata vibao vya "Transfers", yaani wanaobadilisha ndege, tu, usifuate umati, umati mwingine unaenda uhamiaji na ukishapita kule kurudi ni shughuli. Yeye akaingia lifti ya wafanyakazi, akatokea kwenye ukaguzi upande ambao hauna foleni. Nikasema tumepona. Hapo ndo pochi ya mama ikasukumwa pembeni.

Nilishamwambia Tabora, asali yote kwenye begi kubwa. Akaweka chupa mbili kwenye begi kubwa, ya tatu akaificha kwenye pochi, asali ya Sikonge nyeusi, kwenye chupa ya maji ya nusu lita, mdomoni kafunga nailoni na mpira. Ya kutilia uji wa mzazi. Kijana wa ukaguzi akaitoa, akamwangalia mama, akaangalia pasipoti zetu mkononi mwangu.

"Shikamoo mama. Hii haiwezi pita."

Mkenya! Mama akafurahi kama kakutana na mtoto wa dada yake. "Marahaba mwanangu. Sio mafuta hayo, ni asali."

"Najua mama, lakini inahesabiwa kama maji. Mwisho ni mililita mia moja."

"Maji? Hebu igeuze uone kama kuna maji yanakwenda hivyo."

Na yule kijana kweli akaigeuza. Lile povu likaanza kupanda taratibuuu kutoka mdomoni kwenda kitakoni, sote watatu tunaliangalia, na mimi naangalia saa ya ukutani juu ya kichwa chake. Mama akasema basi usiitupe, uile wewe. Akasema haturuhusiwi mama. Mama akaomba chupa, akafungua, akachovya kidole akalamba, akaifunga vizuri na mpira wake akamrudishia. Dakika nne zimeenda. Mpaka leo anaamini yule kijana aliila.

Getini tulifika saa sita na dakika kumi na saba. Walikuwa wanatuita kwa majina, wameyatamka vibaya kiasi kwamba lile la kwangu sikulitambua, mama ndo alilisikia. Walikuwa wanatujua kwa sababu tiketi ilikuwa moja.

Ingekuwa tumeachwa nilishajipanga, na we jipange hivi: usitoke nje ya eneo la transiti, usinunue tiketi mpya kwa mshtuko, nenda dawati la shirika lenyewe onyesha bodingi pasi mbili, waambie nimechelewa kwa ndege yenu. Watakupa ndege inayofuata, na kama ni usiku omba chakula na pa kulala, omba kabisa kwa mdomo, asiyeomba mara nyingi analala kwenye kiti. Dawa za mzazi, kadi ya homa ya manjano, chaja na nguo moja ya kubadili viwe kwenye begi la mkononi. Begi kubwa linaweza lisiwahi hata kama we umewahi, ikitokea hivyo ripoti kabla hujatoka ukumbi wa mabegi upewe karatasi yenye namba, na madai ya begi lililochelewa unayaandika ndani ya siku 21 toka ulipolipata. La kwetu liliwahi. Zile chupa mbili zilifika salama, moja ilivuja kidogo kwenye kitenge cha mtoto.

Kurudi ndo nilijipongeza. Ndege yetu ya Dar kuja Tabora nilikuwa nimeikata ya kesho yake mchana. Ikachelewa masaa matatu. Watu wanalalamika, mmoja anampigia wakala wake anapiga kelele, mama kavua viatu kaweka miguu juu ya begi kalala, mimi namenya karanga za shemeji wa Ukonga.