Mikono yangu ilikuwa na pupa

Mwaka wangu wa kwanza wa gofu, mpira ulikuwa na tabia moja tu: unaondoka vizuri, ukifika nusu ya safari unakata kona kulia na kuzama vichakani. Nacheza kwenye uwanja wa mashimo 9, njia ya Mangapwani, Unguja, ubavuni mwa bahari, kwa hivyo nikausingizia upepo wa kusi. Kaskazi ilipoingia mpira ukaendelea kwenda kulia, nikakosa wa kumsingizia.

Aliyenifungua macho hajapata kushika fimbo ya gofu maishani mwake. Ni mjomba wangu, mvuvi. Asubuhi moja nilimkuta kasimama maji ya magoti na kimia begani. Akauzungusha mwili nyuma kidogo, mguu wa kushoto ukajikita mchangani, kiuno kikatangulia kugeuka, bega likafuata, na mkono ukaja mwisho kabisa, kana kwamba umesahauliwa. Kimia kikafunguka duara, risasi zote zikagusa maji kwa pamoja. Nikajaribu mimi. Kikaanguka mbele yangu kama shuka iliyoroa.

"Mjomba," akaniambia, "mikono yako ina pupa. Kiuno bado, yenyewe ishafika."

Basi hiyo ndiyo swingi yangu yote, yaani ninavyozungusha fimbo kupiga mpira, imeelezwa na mtu asiyejua gofu.

Ukipandisha fimbo, mabega hugeuka karibu nyuzi 90 na kiuno kama nusu ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo inayovuta misuli ya kiwiliwili kama mpira wa manati. Kushuka huanzia chini: uzito unahamia mguu wa kushoto, kiuno kinafunguka, kisha mabega, mikono, na fimbo mwisho. (Nasema na wanaotumia mkono wa kulia, wa shoto wageuze.) Yote hayo yanapita ndani ya robo sekunde hivi, kwa hivyo usidhani utapata nafasi ya kujirekebisha katikati. Mimi nilikuwa naanza na mabega na mikono. Fimbo ikitupwa nje namna hiyo, inaukata mpira kutoka nje kuja ndani, upande wa mwili, na uso wa fimbo ukiwa wazi, yaani umetazama kulia, mpira unazunguka kwenda kulia. Nilivyozidi kutia nguvu, ndivyo ulivyozidi kupinda.

Mgongo nao ulikuwa ukiniuma kila Jumapili. Kiuno kisipogeuka, mgongo wa chini ndio unaobebeshwa kazi yake.

Sasa ule ushauri wa "usinyanyue kichwa", ambao kila mtu atakupa bure. Mimi naona una ukweli nusu. Mara nyingi kosa si la kichwa. Kimenyanyuliwa na kiuno kilichosukumwa mbele kuelekea mpira, mwili ukasimama wima kabla ya wakati. Fimbo inaparuza utosi wa mpira, nao unatambaa kama kaa. Ukikikaza kichwa peke yake utaumia shingo tu.

Kilichonisaidia ni ukuta wa uani. Simama uupe mgongo, uiname kama unayetaka kupiga, makalio yote mawili yauguse kidogo. Fumbata mikono kifuani, fimbo huihitaji. Geuka kama unayepandisha: kalio la kulia libaki ukutani. Geuka kushuka: la kushoto lichukue nafasi yake. Ukihisi yote mawili yameachana na ukuta, hapo hapo ndipo mpira wako unapoharibikia. Mimi nilifanya mara ishirini kila baada ya Alasiri, polepole mno, karibu mwezi mzima bila kwenda uwanjani, na hiyo subira ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zoezi lenyewe. Niliporudi, mpira wa kwanza ulikwenda kushoto. Nilifurahi kama mtoto.

Vaa suruali ya zamani lakini. Chokaa ya ukutani haitoki kwa kupangusa, na mimi nimeshaulizwa nyumbani nilikuwa nimekaa wapi.