Kabla hujaiita nukta sayari

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kutafuta, kwenye picha za darubini, sayari za baridi zinazozunguka nyota nyingine, nukta yako ya kwanza utaipenda mno. Yangu niliiona mwaka wa kwanza wa masomo ya uzamili: doa jeupe, kama pikseli nne kwa nne, kando ya nyota niliyopewa niichambue. Nilimwandikia msimamizi wangu saa nane usiku. Asubuhi akanijibu kwa swali moja: "Picha za zamani za nyota hiyo umezitazama?" Sikuwa nimezitazama. Nilipozifungua, nukta ilikuwemo, ila ilikuwa imebaki palepale ilhali nyota imeshasogea. Ilikuwa nyota nyingine, iliyo nyuma mbali sana, ambayo kwa macho yetu ilitokea tu kupangana na ile yangu.

Kwa hiyo anza na picha za zamani, hata kabla ya kufungua picha mpya. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Epsilon Indi A, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 12 hivi. Ukiwa Tanzania mwezi Oktoba, mnamo saa tatu usiku, iko upande wa kusini, na pasipo na taa unaiona kwa macho matupu. Kwa kipimo cha nyota, inakwenda mbio: sekunde za tao 4.7 kwa mwaka (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja ya pembe). Mwaka 2023 mtafiti wa sayari Elisabeth Matthews na wenzake waliipiga picha kwa darubini ya James Webb, wakaona nukta kando yake. Nukta hiyo ikapatikana pia kwenye picha za mwaka 2019 za darubini ya ardhini ya Very Large Telescope, huko Chile. Kati ya picha za 2019 na ya 2023 nyota ilikuwa imesogea kama sekunde za tao 18, na nukta imefuatana nayo. Nyota ya nyuma ingeachwa njiani.

Tena usitafute pale tu ulipoelekezwa. Kabla ya picha hiyo, mwendo wa nyota inapovutwa na sayari yake ulikuwa umewapa watafiti makadirio: sayari yenye uzito wa Mshtarii mara tatu hivi, inayozunguka kwa miaka 45. Picha ikaonyesha uzito wa zaidi ya Mshtarii sita na mzunguko wa zaidi ya karne nzima. Waliotangulia hawakuwa wazembe. Vipimo vyao vilikuwa vya miongo michache tu, na ukiokota kigae kimoja cha chungu utakadiria upana wa chungu kizima, lakini kadiri kigae kinavyokuwa kidogo ndivyo utakavyokosea zaidi. Soma makadirio, yaheshimu, kisha chambua picha yote mpaka pembeni.

Jambo la joto lielewe mapema, maana ndilo linaloamua utumie chombo gani. Sayari hii ina nyuzi 2 hivi za Selsiasi, na kitu chenye joto hilo hung'aa zaidi kwenye infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, yenye mawimbi ya urefu wa mikroni 10 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Shida ni kwamba anga letu, kioo cha darubini na hata kuba lake vina joto la kukaribiana na hilo, navyo vinang'aa vilevile. Ndiyo maana kamera ya MIRI iko angani ndani ya James Webb, imepozwa hadi chini ya kelvini 7, yaani nyuzi 266 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi.

Hapa sasa ndipo utakapotumia miezi. Hata ukiifunika nyota kwa kizuizi ndani ya kamera, mwanga wake huvuja na kuacha madoadoa yanayofanana kabisa na sayari. Tunaipiga picha nyota nyingine isiyo na kitu kando yake, kisha tunatoa picha hiyo kwenye ile yetu. Ukitoa kwa pupa unaila na sayari yenyewe. Dawa yake ni kupanda sayari bandia: chukua nukta ya mwangaza unaoujua, itie kwenye data ghafi, pitisha kila kitu upya kwenye programu yako ya kuchambua picha, uone imetoka na mwangaza kiasi gani. Ipande huku na huku, karibu na mbali. Ukitia 100 ikatoka 60, sasa unajua programu yako inakula kiasi gani mahali hapo. Usimwonyeshe mtu nukta yoyote kabla hujafanya hivi.

Na usipoona kitu, andika. Sayari ya Epsilon Indi A ilikuwa imetafutwa kutoka ardhini kwenye mikroni 3.5 hadi 5 na haikuonekana. Picha ya Webb ilipopatikana, kule kutoonekana kukawa ushahidi: huenda angahewa lake lina elementi nzito nyingi, au mawingu, yanayozuia mwanga wa mawimbi hayo. Mimi nina jedwali la nyota ambazo sikuona chochote, kila moja na tarehe yake, urefu wa wimbi, na sayari hafifu kuliko zote ambayo ningeiona kama ingekuwepo. Hakuna faili langu lingine ambalo wenzangu wananiomba mara nyingi kama hilo.