Soprano anayefundisha: sauti ya onyesho isiishie darasani

Dada, umeuliza kama soprano wa opera (mwanamke mwenye sauti ya juu) anaweza kufundisha uimbaji mchana na bado sauti ikawepo usiku wa onyesho. Anaweza, ila ajue kwanza kinachomchosha. Mara nyingi si kuimba, ni kuongea: mwalimu anatoa maelekezo piano ikilia na mwanafunzi akiimba, anapandisha sauti ili asikike, koo linakaza. Kwa hiyo piano ikilia, nyamaza. Amalize, ndipo useme.

Pasha sauti dakika 10 hadi 15 kabla ya mwanafunzi wa kwanza, si kabla ya onyesho tu, maana utaombwa kuonyesha noti ya juu asubuhi hiyo hiyo. Kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, tumia mrija na glasi ya maji. Ncha izame majini sentimita 2 au 3, toa "uuu" humo, ukiteleza polepole kutoka chini kwenda juu na kurudi. Mapovu yatoke mfululizo. Yakikatika, ama pumzi imeyumba ama koo limebana. Maji husukuma hewa kurudi nyuma, na nyuzi za sauti hukutana bila kugongana kwa nguvu. Dakika 2 zinatosha. Usizamishe mrija zaidi ukidhani utafaidi zaidi; utaishia kusukuma.

Sasa noti za juu, ambako masoprano wengi wanafunzi hupiga kelele badala ya kuimba. Noti ya la iliyo juu ya do ya kati ni hezi 440 (mitetemo kwa sekunde), la inayofuata juu ni 880, na do ya juu inakaribia 1,047. Irabu "i" ina mwangwi wake wa kwanza, yaani mahali ambapo mdomo huikuza sauti, karibu na hezi 300 tu. Noti ikishaupita mwangwi huo, mdomo hauisaidii tena, na mwimbaji hufidia kwa koo. Dawa ni kufungua taya kadiri unavyopanda: "i" ielekee "e", halafu "a". Ndiyo, maneno yatafifia huko juu, na haina budi. Kosa ninaloliona sana ni kusukuma kidevu mbele. Mwambie aweke vidole mbele ya masikio auhisi mwendo wa taya. Taya ishuke na kurudi nyuma kidogo. Wengine hufungua mapema mno, kwenye noti za chini kabisa, sauti ikawa tupu.

Usimpe sauti nyepesi nyimbo nzito za watunzi wa opera kama Verdi au Puccini kwa sababu tu noti anazifikia. Okestra ndiyo itakayomvunja. Na usione kufundisha ni kazi ya waliochoka na jukwaa: Maria Callas, soprano mashuhuri, alifundishwa na soprano mwenzake, Elvira de Hidalgo, mjini Athens.

Siku ya onyesho usifundishe. Kila asubuhi jipime: imba kwa sauti ndogo sana huko juu. Ikichelewa kutoka, au ikaanza kwa hewa, nyuzi zimevimba. Siku hiyo onyesha kwa piano, si kwa koo. Epuka aspirini na ibuprofeni ukiwa na onyesho, maana zinaongeza hatari ya damu kuvujia kwenye nyuzi. Sauti ikikauka zaidi ya wiki 2 au 3, nenda kwa daktari wa koo mwenye kamera. Tochi ya mdomoni haifiki kwenye nyuzi.