Bahari ilikosa, ilipungukiwa au iliishiwa oksijeni?

SWALI: Ninafundisha Jiografia katika shule ya sekondari mkoani Lindi. Nimeandaa bango la Kiswahili kuhusu historia ya bahari, na nimeandika hivi: "Matope ya sakafu ya bahari yamerekodi matukio ya zamani ya ukosefu wa hewa baharini." Mwenzangu wa somo la Kiswahili ameyakata maneno matatu. Anataka "mashapo" badala ya "matope", "oksijeni" badala ya "hewa", na "upungufu" badala ya "ukosefu". Tumebishana wiki nzima. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, kwa maneno mawili ya kwanza mwenzako ana haki. Kwa la tatu, kila mmoja wenu ameshika upande wa jambo, na neno lenyewe mnalolihitaji hakuna aliyelitaja. Hilo ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya jibu langu.

Nianze na mashapo. Sisi watu wa Kusini tuna maneno mengi ya vitu vinavyobaki, na hatuyachanganyi. Ukikamua nazi kwenye kifumbu, kinachobaki ni machicha. Ukikamua ufuta kwa ajili ya mafuta, kinachobaki ni mashudu. Lakini ukiweka maji ya mabibo kwenye ndoo yakalala usiku kucha, asubuhi utakuta juu yametakata na chini pametuama unga mzito. Hayo ni mashapo. Hakuna aliyeyakamua, yamezama kwa uzito wake na kutulia. Makamusi mengine huyaweka mashapo na machicha karibu karibu, na kwenye mazungumzo watu huyabadilisha. Kwa kazi ya kitaalamu, hata hivyo, hiyo maana ya kutuama ndiyo inayotakiwa, maana ndivyo chini ya bahari kunavyojijenga.

Tope ni udongo uliolowa, basi. Kinachotuama baharini kina udongo, lakini pia kina mchanga, majivu ya volkano, magamba ya viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi, na mabaki ya vijimea vilivyoishi karibu na uso wa maji, vikafa, vikashuka polepole. Isitoshe, vitu hivyo vikigandamizwa kwa mamilioni ya miaka hugeuka mwamba, na bado tunaviita miamba ya mashapo. Tope likishakuwa jiwe huwezi tena kuliita tope.

Kuhusu hewa sina maneno mengi. Mvuvi akisema maji ya mahali fulani hayana hewa, tunamwelewa na hajakosea. Bango la sayansi lakini linahitaji kutaja gesi yenyewe. Hewa ni mchanganyiko, oksijeni ndani yake ni asilimia 21 hivi, na mahali palipokwisha oksijeni chini ya maji mara nyingi pamejaa gesi nyingine. Nitarudi hapo.

Sasa "ukosefu" na "upungufu". Ingia jikoni. Mtu akisema "mchuzi umekosa chumvi", hajakwambia kama chumvi iliwahi kutiwa. Akisema "mchuzi umepungukiwa chumvi", chumvi imo ila haitoshi. Akisema "nimeishiwa chumvi", unajua ilikuwamo koponi, ikatumika, na sasa kopo ni tupu. Hali tatu, vitenzi vitatu, na mtoto wa miaka sita wa Mikindani hawezi kukosea hata kimoja.

Tazama pia vilivyoundwa. Isha, ishia, ishiwa. Pungua, pungukia, pungukiwa. Kiambishi cha kutendea kimefuatwa na cha kutendwa, na anayesimama mwanzoni mwa sentensi ni yule aliyepatwa na jambo. Nikisema "mkaa umekwisha", nimesema habari za mkaa. Nikisema "nimeishiwa mkaa", nimesema habari zangu. Vivyo hivyo "bahari iliishiwa oksijeni": habari ni ya bahari, bahari ndiyo iliyofikwa, na tunajua kwamba kabla ya hapo oksijeni ilikuwapo. Nalipenda sana umbo hili, na ninasikitika kuona waandishi wa sayansi wakilipita na kuokota nomino nzito nzito.

Wanasayansi wa bahari nao wanatenganisha hali hizo hizo. Maji yakibaki na oksijeni chini ya miligramu 2 hivi kwa lita, samaki wengi hukimbia au hufa. Hapo bahari imepungukiwa. Ikifika sifuri, imeishiwa. Ipo na hali ya tatu, mbaya zaidi, ambapo bakteria wasiohitaji oksijeni huozesha mabaki kwa kutumia salfati ya maji ya chumvi na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu, hadi inasambaa ndani ya maji yenyewe. Hapo ningesema maji yameingiwa na salfaidi, kwa umbo lile lile la kufikwa. Bahari Nyeusi iko hivyo hata leo, kuanzia kina cha mita 150 hadi 200 kwenda chini.

Harufu ya gesi hiyo unaijua, mwalimu. Siku ya bamvua nilishuka mikokoni Mikindani na mama mmoja jirani yangu aliyekuwa anachokoa kombe. Maji yalikuwa yamekupwa sana. Palipokuwa na vishimo vya kaa, udongo ulikuwa wa kahawia, umevurugwa, na yeye alikuwa anainama na kuokota. Hatua chache pembeni, kwenye kidimbwi kilichotulia, nilikanyaga nikazama hadi kwenye kifundo. Nilipochomoa mguu, chini ya utando mwembamba wa kahawia lilitoka tope jeusi tii, na harufu ya mayai viza ikanipanda puani. "Hapo usihangaike," akaniambia, "pamekufa." Nilichota donge nikaliweka juu ya jiwe. Tulipokuwa tunarudi, uso wa donge ulikuwa umeanza kupauka na kuwa wa kijivu, kwa sababu weusi ule hutokana na chuma kilichoungana na salfa, na muungano huo ukikutana na oksijeni huvunjika.

Donge lile ndilo somo lako lote. Pale ambapo kaa na minyoo wanaishi, wanachimbua na kukoroga, tabaka la jana linachanganyika na la juzi. Oksijeni ikiisha, wachimbaji hao hufa au huhama, na kila kinachotuama kinabaki kilipolala, utando juu ya utando, mwembamba kama karatasi. Mabaki ya vijimea nayo hayaozi yote, kwa hiyo kaboni yake inabaki na kuyatia mashapo weusi. Chuma na salfa hugeuka chembe ndogo ndogo za madini ya pairaiti, yanayometa kama dhahabu. Madini ya molibdenamu, ambayo kwa kawaida huelea yameyeyuka majini, hunaswa kwa wingi pale penye salfaidi. Mtaalamu anayepasua jiwe la namna hiyo miaka milioni mia baadaye anasoma rangi, matabaka na madini, anajua maji yaliyokuwa juu yake yalikuwa katika hali gani.

Mwaka 1976 wanajiolojia Seymour Schlanger na Hugh Jenkyns walilipa jambo hili jina la Kiingereza, "oceanic anoxic events", baada ya kuona mashapo meusi ya umri unaolingana yakitokea katika maeneo ya bahari yaliyo mbali sana. Kipindi kinachojulikana zaidi kilitokea takriban miaka milioni 94 iliyopita. Karibu na mji wa Gubbio nchini Italia, kwenye miamba myeupe ya chokaa, alama yake ni mkanda mweusi wa unene wa mita moja hivi. Kuna kingine cha miaka milioni 120 hivi iliyopita, na kingine cha milioni 183. Kwa vyote vitatu, kisa kinaanza na volkano kubwa mno. Kaboni dayoksaidi iliongezeka, dunia ikapata joto, na maji ya joto hayashiki oksijeni nyingi: maji ya bahari ya nyuzi 5 huweza kubeba takriban miligramu 10 kwa lita, ya nyuzi 28 hubeba 6 na kidogo. Mvua na joto vilimomonyoa miamba ya nchi kavu na kupeleka fosforasi baharini, vijimea vikastawi kupita kiasi, vikafa, na kuoza kwake kukamaliza oksijeni iliyobaki chini.

Utaona basi kwa nini "ukosefu" hautoshi. Unaweza kukosa kitu ambacho hukuwahi kuwa nacho, na bahari ilikuwa nayo. "Upungufu" wa mwenzako unafaa kwa kuzungumzia bahari ya leo, ambayo tangu miaka ya 1960 imepoteza takriban asilimia 2 ya oksijeni yake; hiyo imepungukiwa. Kwa mkanda mweusi wa Gubbio, neno ni kuishiwa. Nomino yake msiihangaikie. "Uishiwaji" nimewahi kuuona umeandikwa, na sikio langu linaukataa. Kitenzi-jina "kuishiwa" kinafanya kazi yote.

"Tukio" pia ningelibadilisha. Ajali ni tukio, harusi ni tukio. Jambo lililochukua mamia ya maelfu ya miaka ni kipindi.

"Yamerekodi" si kosa. Neno limeshaingia, lina viambishi vyetu, na siungani na wanaotaka kulifukuza. Lakini anayerekodi ana nia, na mashapo hayana nia. Ningeandika "yametunza". Na "sakafu ya bahari" iacheni. Najua sakafu ni ya nyumba, imepigwa chokaa na kushindiliwa, na wavuvi wetu wangesema tu "chini" au "kilindini". Lakini imeshazoeleka shuleni, na kilindi ni kina kirefu cha maji, hakimaanishi kile kilicho chini yake.

Bango lako lisomeke hivi: "Mashapo ya sakafu ya bahari yametunza alama za vipindi vya kale ambavyo sehemu kubwa za bahari ziliishiwa oksijeni." Nimeongeza "sehemu kubwa" kwa sababu maji ya juu yaliendelea kupata oksijeni kutoka angani.

Na kama bango lina nafasi, ongeza habari za kwenu. Mashapo ya bahari ya kale yako chini ya miguu ya wanafunzi wako. Kuanzia miaka ya 2000, wanasayansi kutoka nje wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania walichoronga miamba ya Kilwa na Lindi, wakatoa nguzo ndefu za udongo mgumu wenye magamba ya foraminifera (viumbe wadogo wa baharini wenye seli moja) yaliyohifadhika hadi yanang'aa kama kioo. Udongo ule haupitishi maji kwa urahisi, ndiyo maana magamba hayakuharibika. Ndani ya sampuli za Kilwa imeonekana hata alama ya joto kali la miaka milioni 56 iliyopita. Miamba hiyo katika vitabu vya jiolojia duniani kote inaitwa Kundi la Kilwa, na sehemu zake zina majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Yaandike kwa herufi kubwa za kusomeka kutoka dawati la nyuma.

Ukiwapeleka mikokoni, chagua siku ya bamvua, na kila kikundi kiwe na sahani nyeupe. Donge jeusi likikaa juu ya sahani nyeupe, kubadilika kwake kunaonekana kabla kipindi hakijaisha.