Muulize Fundi: Sahani za haro, ipi kwa shamba lipi?

Shikamoo fundi. Haro yangu, ile zana ya kuvunja udongo inayoburutwa na trekta, ina sahani za ukingo mzima mbele na nyuma. Nikiingia kwenye mabua ya mahindi inapanda juu yake na kuyaburura, haikati. Jirani ananishauri ning'oe zote nifunge zenye meno. Nimsikilize?
*Mkulima wa mahindi*

Marahaba mwanangu. Msikilize nusu. Safu ya mbele funga zenye meno, ya nyuma ziache zilizopo.

Ukingo mzima ukikutana na bua lililolala juu ya udongo laini, mara nyingi hulikanyaga tu na kulizamisha. Meno hulidaka bua, hulibana chini, na sahani inapozunguka linakatika. Halafu meno yana faida nyingine ambayo wauzaji hawaielezi vizuri: kwa kuwa ukingo una mapengo, chuma kinachogusa ardhi kwa wakati mmoja ni kidogo, kwa hiyo uzito uleule unabana mahali padogo na sahani inazama vizuri zaidi. Hasara yake ni kwamba chuma kidogo huisha mapema. Ndiyo maana siyapendi meno kwenye safu ya nyuma. Kule mabua yameshakatwa, kazi iliyobaki ni kuvunja mabonge na kusawazisha, na hapo ukingo mzima unaacha shamba safi na unadumu.

Hukunitajia kipenyo. Pima. Haro haitegemewi kwenda chini zaidi ya robo ya kipenyo cha sahani yake, au zaidi kidogo. Sahani ya inchi 24 itakupa kama inchi 6. Ile iliyolika hadi inchi 18 haifiki hata 5, na kwenye mabua mengi itapanda juu hata ikiwa na meno kama ya mamba. Angalia pia nafasi kati ya sahani na sahani. Zikikaribiana mno, mabua hujazana katikati na haro nzima inageuka kuwa gogo la kuburuta. Na usiingie shambani alfajiri: bua lenye umande linapinda, bua kavu linakatika.

Fundi, ardhi yangu imekauka na kushikana, haro inateleza juu juu. Nikinunua sahani kubwa zaidi si itachimba?
*Mwenye trekta*

Huenda ikachimba kidogo kuliko sasa. Sahani kubwa ina ukingo mrefu unaolala ardhini, na uzito wa haro haujaongezeka hata kilo moja. Chukua uzito wa haro, ugawe kwa idadi ya sahani. Haro ya kilo 1,000 yenye sahani 20 inaipa kila sahani kilo 50 tu. Hiyo ni haro ya kulainisha ardhi iliyokwisha kulimwa. Kwa ardhi ngumu ambayo haijaguswa, watu hutumia haro nzito ambazo kila sahani inabeba kilo 100 na kupita.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, fungua bolti za safu uzidishe pembe yake. Safu iliyonyooka inaviringika tu. Iliyokaa mshazari inachimba. Kisha pitisha kidole kwa uangalifu kwenye ukingo: ukiwa butu na wa mviringo, umepata mchawi wako. Ukifika wakati wa kununua, chagua sahani yenye mbonyeo mdogo. Ile iliyobonyea sana inageuza udongo mwingi, lakini kwenye ardhi ngumu mgongo wake unaegemea ukuta wa mfereji na kuizuia kushuka.

Uzito wa kuongeza uwe wa chuma, umefungwa kwa bolti kwenye fremu. Na asipande mtu juu ya haro kuwa ndiye uzito! Nimeyaona hayo, na sitaki kusimulia.

Shamba letu lina mawe. Sahani mbili zimepasuka. Tununue mbili tu tuzibe mapengo?
*Mama wa kikundi cha wakulima*

Hapana mama. Sahani za safu moja zinazunguka pamoja kwenye shafti moja. Ukichanganya mpya na zilizolika ni kama gari lenye matairi ya ukubwa tofauti kwenye ekseli moja. Zile mbili mpya zitatangulia ardhini, zitabeba mzigo wa wenzao, zitachora mifereji miwili mirefu, na jiwe linalofuata litazipasua hizohizo. Nunueni za safu nzima. Zile kuukuu chagueni zinazolingana, muweke akiba kwa safu nyingine iliyolika kiasi kilekile.

Kwa mawe nataka sahani nene, milimita 6 kwenda juu, ya chuma chenye boroni, maana kinavumilia kupigwa bila kupasuka upesi. Mbonyeo mdogo. Ukingo mzima, kwa kuwa meno humeguka pembe. Na dereva apunguze mwendo; mwendo unavunja sahani kuliko jiwe lenyewe.

Nendeni dukani na sahani ya zamani mkononi. Tundu la mraba likiwa pana kuliko shafti hata kidogo, sahani itacheza na kuila shafti mpaka iwe duara. Baada ya saa za kwanza za kazi, simamisheni trekta mkaze upya nati ya mwisho wa shafti. Beringi nyingi hufa kwa nati hiyo kulegea. Na asiwadanganye mtu kuchomelea ufa au kukata meno kwa gesi: moto unaondoa ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani.

Udongo wangu ni mfinyanzi, unagandamana kwenye sahani. Kuna sahani isiyogandwa?
*Msomaji*

Kwa udongo uliolowa, hakuna. Chukua konzi kutoka kina unachotaka kulima, finyanga: ukiviringika ukawa kijiti kirefu bila kukatika, rudisha trekta nyumbani. Ukilazimisha, sahani itaupaka udongo wa chini na kuufanya tabaka gumu ambalo mizizi haipenyi. Ukikatikakatika, ingia. Vikwanguo vya nyuma ya sahani viwe karibu sana na uso wake bila kuugusa, na kila kimoja ukirekebishe peke yake, maana havichakai sawa.